Aliyesimama Kushoto kwa Mshumaa

Ukikuta viatu vya mwanamume mlangoni, vimejaa maji hadi juu, na mwenyewe haonekani, utasema yuko wapi?

Usiwe mwepesi kujibu. Watu zaidi ya sitini waliobanana ndani ya banda la video la Marcelino pale Ifakara, Jumamosi ya mwisho ya Mei mwaka 1998, waliviona viatu hivyo kwenye televisheni na hakuna aliyethubutu kusema neno. Waligeuza shingo zao tu, wakamtazama mzee Hermenegildi aliyekuwa amesimama kando ya televisheni na fimbo yake nyembamba ya mwanzi.

"Soma, Katekista," mtu akanong'ona.

Nje jua la saa kumi lilikuwa bado kali, lakini banda lile la mabanzi lilikuwa limezibwa kwa nailoni nyeusi kila upenyo, na ndani ulikuwa usiku. Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta. Hermenegildi hakusoma upesi. Hakuwahi kusoma picha upesi maisha yake yote.

Kuna wasomi watakaocheka wakisikia kwamba mtu mzima alikuwa anasoma tamthilia ya mapenzi ya kigeni kana kwamba ni maandiko. Wacheke. Wangemfahamu Hermenegildi wasingecheka sana. Alizaliwa upande wa Mahenge, na akiwa kijana padre mmoja mwenye ndevu alimkabidhi bomba la bati lenye maturubai manane ndani yake. Kila turubai lilikuwa na picha kubwa ya mafundisho: kifo cha mtu mwema, kifo cha mtu mbaya, njia mbili, hukumu ya mwisho. Kwa miaka ishirini na sita alilifunga bomba hilo kwenye baiskeli akalizungusha bonde zima, Idete na ng'ambo ya mto, kwa watu ambao wengi wao hawakujua herufi hata moja. Akifika, alitundika turubai ukutani, akashika fimbo, akaanza.

Padre alimfundisha kanuni, naye hakuisahau. Mchoraji haweki kitu bure. Yai lililo mezani, ufunguo, mbwa aliyelala chini ya kiti, kila kimoja kina la kusema, na kama husikii kitu basi bado hujatazama vya kutosha. Kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya mkono wa kuume. Mfalme anayehukumu hukaa katikati. Waliookoka wako kuume kwake, waliopotea wako kushoto kwake. Na kwa kuwa Mfalme ametuelekea sisi, kuume kwake ndiko kushoto kwetu. Hermenegildi aliwasimamisha watoto wa mafundisho mmoja mmoja waseme hilo hadi waliote.

Baadaye vikaja vitabu vidogo vyenye rangi, na makatekista vijana wenye vyeti. Maturubai yakawekwa stoo. Siku moja alikwenda kuyatazama akakuta mchwa wamekula hukumu ya mwisho yote, Mfalme na kondoo na mbuzi, wakabakiza ukingo. Aliukunja ukingo ule akaondoka nao. Mkewe, Digna, anasema hakula siku mbili.

Ndipo Marcelino alipomfuata nyumbani. Marcelino alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na shida.

"Katekista, nina mikanda kumi na minne imetoka Dar," alisema. "Wanapendana, wanalia, wanazabana vibao, lakini wanaongea lugha ambayo hata shetani hajawahi kuisikia. Watu wanaondoka katikati. Njoo unisomee."

"Lugha hiyo siijui."

"Nani amekwambia usome maneno? Soma picha, baba."

Digna alicheka hadi akashika mbavu. "Nenda, mume wangu. Angalau utaacha kuwahubiria kuku."

Basi akaenda. Na kwa kuwa hakuna aliyesikia jina la mtu yeyote katika tamthilia ile, watu wa bandani waliwabatiza wenyewe. Msichana mwembamba ambaye katika mikanda mitatu ya mwanzo hakutoka nje ya nyumba walimwita Mwali. Mwanamume aliyempenda, mwenye kofia ya bahari na kovu refu shavuni, wakamwita Kapteni. Hermenegildi aliwaonyesha mambo ambayo macho yao yalikuwa yanayaruka. Mwali akivaa shali nyekundu, kuna uongo ndani ya nyumba. Pazia likipepea wakati madirisha yamefungwa, mtu anamwaza. Maua yakibadilishwa maji, ahadi bado ipo. Na kweli, mkanda uliofuata ulithibitisha. Watu walipiga makofi kama wako mpirani.

Kisha mambo yakaanza kuharibika.

Katika mkanda wa sita kulikuwa na tundu la ndege lililoachwa wazi. Hermenegildi alisema mtu ataondoka katika nyumba hii bila kuaga. Alimaanisha nyumba ya Mwali. Lakini Jumatano iliyofuata mpangaji wa Marcelino alitoweka, akaacha sufuria jikoni na ugali ndani yake. Katika mkanda wa nane ua lilianguka kutoka kwenye bilauri likiwa halijachanua, akasema hapa kuna mimba isiyofika. Siku nne baadaye mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa mbele siku ile alibebwa kwa baiskeli hadi hospitali, akarudi mikono mitupu.

Hermenegildi alitaka kuacha. Watu hawakumruhusu. Sasa walijaa zaidi, na hawakuja tena kwa ajili ya Mwali. Walikuja wakitazama picha kwa jicho moja na maisha yao kwa jicho la pili. Mzee aligundua kwamba akiinua fimbo, kuna watu wanashika matumbo yao. Alianza kupunguza maneno. Hapo tena walimwogopa zaidi, wakidhani anawaficha.

Jumamosi ile, mstari wa tatu, alikaa msichana wa Kisukuma aitwaye Nyamizi, akiwa amejitanda khanga hadi kidevuni.

Kila mtu alijua habari zake. Baba yake, Jeremia, alishuka bondeni na ng'ombe miaka kadhaa nyuma, akajenga kuelekea Idete. Nyamizi akapendana na Kasmiri, kijana wa Kindamba, mvuvi. Jeremia alikasirika, akapoa, akakubali kwa shingo upande. Mwezi wa kwanza, katikati ya zile mvua za El Nino, Kasmiri alipanda mtumbwi kwenda kambi ya uvuvi chini mtoni, akaahidi kurudi Pasaka. Pasaka ikapita. Mwaka ule mto ulikuwa umetoka kitandani mwake ukalala mashambani, ukachukua watu, na si wote ulioturudishia. Wa kambi ile hakuna aliyeleta habari. Jeremia alisubiri hadi mwisho wa Mei, kisha akasema imetosha: kwao Magu kuna mtu aliyekwisha kuposa, na lori lingeondoka Jumapili asubuhi, Nyamizi akiwa juu yake pamoja na magunia.

Kabla banda halijajaa, msichana huyo alikuwa amemsogelea Hermenegildi mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu."

"Baba, leo Kapteni anarudi? Maana na yeye amesafiri kwa maji." Alimtazama bila kupepesa. "Ukisema anarudi, nitamwambia mzee wangu siendi. Anipige, anifanye nini, siendi. Ukisema harudi, nitapanda lori."

Hapo ndipo mzee alipopaswa kusema: binti, hii ni tamthilia, watu wamelipwa kulia. Aliyafikiria maneno hayo. Lakini mtu aliyesikilizwa miaka ishirini na sita, kisha akanyamazishwa, kisha akasikilizwa tena, si rahisi avue mwenyewe joho lake mlangoni. Alisema tu, "Tutaona picha inasemaje."

Na sasa picha ilikuwa hii. Chumba chenye giza. Mvua nje ya mlango uliofunguliwa, na kizingitini vile viatu virefu vya Kapteni, maji yakimwagika ukingoni. Mwali ameketi mezani, nywele zimefumuliwa. Katikati ya meza mshumaa mmoja. Kisha picha ikasogea polepole hadi mshumaa ukakaa katikati kabisa, na nyuma yake, bila sauti ya hatua, akawa amesimama Kapteni. Alikuwa amelowa. Hakusema neno. Mwali hakugeuka nyuma kumtazama, alitazama mbele tu, akitabasamu kidogo, na machozi yanamtoka.

Bandani mtoto alianza kulia, mama yake akamziba mdomo.

Hermenegildi aliinua fimbo. Aligusa mshumaa. "Huyu wa katikati tunamjua, ni mahali pa Mfalme," alisema. Fimbo ikahama. "Kapteni amesimama upande huu, kuume kwetu sisi. Kwa hiyo ni kushoto kwa mshumaa." Alisita. Hakutaka kusema, lakini kanuni ilikuwa imeshamtangulia mdomoni. "Viatu vina maji kwa sababu aliyevivaa yuko ndani ya maji. Mwali hageuki kwa sababu nyuma yake hakuna mtu. Huyu mnayemwona amekuja kuaga."

Hakuna aliyepiga makofi. Katikati ya ukimya huo Bernadeta, muuza maandazi ambaye hajawahi kuheshimu kimya cha aina yoyote, akapaza sauti: "Hata kovu lake limehama shavu! Wiki iliyopita lilikuwa kulia, leo liko kushoto. Mzimu gani huu usiojua hata sura yake?"

Watu walicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe, kama watu waliofunguliwa kamba. Hermenegildi alipotazama mstari wa tatu, Nyamizi hakuwepo. Mlango ulikuwa bado unayumba, na mwanga wa jua uliingia sakafuni ukatoka.

Banda lilipoisha watu, mzee alibaki amesimama palepale.

"Umewamaliza leo, Katekista," Marcelino alisema akikusanya mabenchi. "Mimi mwenyewe nimesisimka."

"Kovu," mzee alisema.

"Kovu gani?"

"La Kapteni. Liko shavu gani?"

Marcelino akafikiri. "La kulia. Siku zote la kulia. Si ndilo Mwali analolibusu?"

"Leo lilikuwa la kushoto. Kovu la mtu haliwezi kuhama, Marcelino. Pale mezani kwa Mwali kuna nini siku zote?"

Marcelino aliinua mabega. Kisha uso wake ukabadilika. "Kioo," alisema. "Meza yake ya kujipambia. Kile kioo kikubwa."

Mzee alikaa chini kwenye benchi. Mara moja tu katika maisha yake ya kazi aliwahi kutundika turubai la hukumu kinyume, kule Idete, kwenye kamba nje, asubuhi yenye jua kali nyuma ya picha. Rangi zilionekana upande wa pili, waliookoka wamehamia kwa mbuzi na waliopotea wanapigiwa tarumbeta, na bibi kizee mmoja akauliza kama amri imebadilishwa Roma. Walicheka hadi jioni. Leo alikuwa amefanya lilelile, na hakuna aliyecheka. Kama walichoona kilikuwa kioo kilichojaza picha nzima, ukingo wake usionekane, basi kila kitu kilikuwa kimegeuka upande. Kapteni alikuwa kuume kwa mshumaa. Mwali hakugeuka kwa sababu alikuwa anamwona kiooni, mzima, amelowa mvua. Amerudi nyumbani akavua viatu mlangoni kama mtu yeyote mwenye adabu.

"Rudisha nyuma," alisema. "Nataka kuona ukingo wa kioo."

Marcelino alibonyeza. Deki ikazunguka, ikalia, ikazunguka tena. Mshumaa ulitokea, ukatikisika. Kwa kitambo kidogo uso wa Kapteni ulisimama pale, nusu yake tu, mistari myeupe ikipita juu ya mashavu yote mawili. Halafu mlio mkavu, na televisheni ikajaa chenga. Marcelino aliruka, akafungua deki kwa bisibisi, akavuta. Utepe ulitoka mikononi mwake umekunjamana, umeng'atwa, mita kadhaa, na haukuisha upesi.

"Umeliwa," alisema kwa sauti ndogo. "Katekista, deki imekula palepale."

Nyumbani Digna alimsikiliza hadi mwisho akiwa anapepeta mchele, akaacha kupepeta.

"Sasa unafanya nini hapa? Lipangalala ni mbali?" Huko ndiko lori lilikokuwa limeegeshwa, na ndiko Nyamizi na baba yake walikofikia.

"Nitamwambia nini? Sina hakika hata na hicho kioo. Mkanda umeliwa."

"Mwambie hivyo hivyo."

Alivaa koti, akafika njia panda, akasimama. Jua lilikuwa linazama, na vyura wa mabwawa yaliyoachwa na mafuriko walikuwa wameanza, elfu kwa elfu, sauti moja inayopanda na kushuka. Katika maisha yake alikuwa amewaambia watu mengi mazito, mbinguni na motoni. Lakini neno moja hakuwahi kulisema akiwa ameshika fimbo, na sasa alilipima mdomoni akaona halipiti. Alirudi nyumbani. Digna hakumtengea chakula wala hakumwuliza kitu.

Asubuhi ya Pentekoste ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini mwa nyumba. Hermenegildi alitembea kwa kusikia zaidi kuliko kuona, na kilichomwongoza Lipangalala ni injini ya lori. Ilikuwa imekwisha washwa. Watu walikuwa vivuli tu kando yake, wengine wakikaza kamba juu ya magunia.

Jeremia alimwona kwanza. Alikuwa mrefu, blanketi begani.

"Katekista. Umekuja kutuaga? Umefanya vema. Jana umenisaidia kazi iliyonishinda tangu Pasaka."

"Nimekuja kuzungumza na binti."

"Zungumza naye. Yule pale."

Mzee alitazama, hakumtambua. Kwenye kizingiti cha nyumba alikaa mtu mwembamba mwenye kichwa cheupe kwa umande, kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Alidhani ni mgonjwa. Mtu huyo alipoinua uso ndipo akaona ni Nyamizi. Alikuwa amejinyoa. Aliomboleza usiku kucha kama mjane, kwa mume ambaye hakuwahi kuolewa naye, kwa neno la mtu mwenye fimbo ya mwanzi. Wembe ulikuwa bado chini karibu na mguu wake, na kando yake nywele, zimekunjwa vizuri ndani ya kitambaa.

Mzee alimsogelea.

"Binti yangu," alisema, "jana nilikosea kusoma. Ilikuwa ndani ya kioo. Pande zilikuwa zimegeuka."

Alieleza. Alieleza vibaya, mbele ya watu walioacha kukaza kamba ili wasikilize, kioo na kovu na mshumaa, na jinsi mkanda ulivyoliwa. Jeremia alicheka kwa hasira.

"Jana umemzika, leo unamfufua. Kesho je? Nimwambie dereva azime gari tungoje mkanda mwingine kutoka Dar?"

Nyamizi hakumtazama baba yake. Aliuliza kwa sauti iliyokauka, "Kwa hiyo Kasmiri yuko hai?"

Watu wote walimgeukia mzee, shingo zao kwa pamoja, kama bandani. Yeye aliona jinsi ingekuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na kichwa kile kilichonyolewa kingeinuka.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Jana pia sikujua. Picha ile haikuwa inamsema Kasmiri. Hakuna picha inayomsema. Nilipaswa kukwambia pale mlangoni."

Ukungu ulipita kati yao.

"Jana ulijua kila kitu," Nyamizi alisema. "Hata nywele zangu zilikuamini."

Aliinuka. Alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya lori, akakanyaga gurudumu, akapanda juu ya magunia ya mpunga. Jeremia alimtazama dereva, akatikisa kichwa kumaanisha: unaona, imekwisha. Lakini Nyamizi hakuketi. Alipiga magoti akaanza kufungua kamba. Vidole vilimteleza kwa umande, akatumia meno. Kamba ilipolegea alisukuma gunia kando, akatia mkono chini yake, akavuta sanduku lake la bati. Lilikwama. Akavuta tena, miguu ikiwa imejikita, na lilipotoka lilitoa ukelele wa bati uliowafanya kuku wakimbie.

"Ng'wanone," Jeremia aliita, mwanangu, kwa Kisukuma chao. Aliita mara ya pili, chini zaidi.

Nyamizi alishuka na sanduku bila kusaidiwa na yeyote. Alijitwika juu ya kile kichwa kitupu, akalishika kwa mkono mmoja, akaanza kutembea kuelekea upande wa mto, kule kwenye mitumbwi. Hakukimbia wala hakulia. Njia yake ilimpitisha mbele ya Hermenegildi, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na mzee, kwa mazoea ya miaka yote, aliinua mkono kupokea shikamoo.

Nyamizi hakumwamkia. Alipita, na ukungu ukaanza kumchukua kutoka miguuni, hadi likabaki sanduku peke yake likielea juu ya weupe ule, likienda mtoni.